Tasnifu yako ya zamani: jinsi ya kuitafuta, kuiokoa na kuisoma upya

Tasnifu nyingi za Uganda huishia mahali pawili: kwenye rafu ya maktaba ya chuo, na ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti na picha za mahafali. Mwenyewe anaijua kwa jalada tu. Akiikumbuka, anakumbuka masahihisho ya msimamizi na usiku wa kusubiri kuchapiwa pale Wandegeya, jirani na Makerere. Yaliyomo ameyasahau. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari lenyewe ndilo mali.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeandika tasnifu, ripoti ya utafiti au insha ndefu ya chuo miaka 10, 20 au 40 iliyopita na hajaifungua tangu siku ya kutetea. Tenga jioni zipatazo kumi na mbili. Uwe na penseli laini, daftari jipya, simu yenye kamera nzuri au skana, na flashi mbili. Kalamu ya wino iweke mbali.

Hatua ya 1: Tafuta kila kilichobaki

Anza nyumbani, lakini usitosheke na kitabu chenye jalada gumu. Tafuta rasimu zilizorudishwa na msimamizi, dodoso zilizojazwa, daftari la uwandani, ramani ulizochora kwa mkono, picha, kaseti za mahojiano, disketi. Rasimu ina mambo ambayo nakala ya mwisho haina. Mara nyingi msimamizi aliagiza kurasa zipunguzwe, na kilichokatwa kwanza kilikuwa maelezo ya mahali na maneno ya wahojiwa, yaani vitu ambavyo leo vina uhai kuliko vilivyobaki.

Kama nyumbani hakuna kitu, nenda chuoni ukiwa na mambo manne: jina ulilotumia wakati ule (wanawake wengi walibadili jina baada ya ndoa), mwaka wa kutunukiwa shahada, jina la shahada, na idara. Makerere ina sehemu ya Africana (maandishi kuhusu Afrika) katika maktaba kuu na hazina ya tasnifu mtandaoni. Tafuta kotekote, kwa kuwa si kila iliyo kwenye rafu imepandishwa mtandaoni. Ukimtafutia mzazi au babu, angalia mwaka vizuri. Kabla ya 1963 shahada za Makerere zilitolewa na Chuo Kikuu cha London. Kuanzia 1963 hadi 1970 zilikuwa za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Makerere ikawa chuo kikuu kinachojitegemea tarehe 1 Julai 1970. Kyambogo nayo ilizaliwa 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, kwa hiyo kazi ya kabla ya hapo huenda imeandikishwa kwa jina la taasisi ya zamani. Watu wengi huambiwa "haipo" kwa sababu tu wametafuta kwa jina la sasa.

Maktaba isipokuwa nayo, uliza idara, kisha msimamizi au familia yake. Kama ulipata kibali cha utafiti kutoka Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, uliza huko pia kama uliwasilisha ripoti.

Usiridhike na nakala moja popote ilipo. Usiku wa Septemba 2020 jengo kuu la Makerere liliungua. Nyumba za watu nazo huungua, huvuja na huliwa na mchwa.

Hatua ya 2: Okoa karatasi kabla ya kusoma

Hamu ya kusoma mara moja ndiyo huharibu nakala nyingi. Karatasi iliyokaa miaka kwenye unyevu ikifunguliwa kwa pupa huchanika kwenye mshono.

Kama kuna ukungu, beba kila kitu nje kwenye kivuli penye upepo, vaa barakoa, acha karatasi zikauke siku mbili au tatu, halafu ondoa ukungu kwa brashi laini kavu ukisukuma kuelekea nje ya ukurasa. Usianike juani. Jua kali hufifisha wino na kukunja karatasi. Usifute kwa kitambaa chenye maji.

Ondoa pini, klipu na bendi za mpira. Pini hupata kutu, na kutu hula karatasi. Mpira huyeyuka na kuganda. Majalada ya plastiki yanayoonyesha ndani ni adui asiyejulikana: plastiki hunyonya wino wa fotokopi, na ukiibandua ghafla herufi huenda nayo. Bandua polepole kuanzia pembeni, na ukiona herufi zinahama, acha, upige picha ukurasa ukiwa bado chini ya plastiki. Ukurasa uliochanika usiuzibe kwa selotepu, maana gundi yake huwa ya manjano na baada ya miaka michache hupenya karatasi na kuchafua maandishi.

Karatasi za faksi na risiti zilizochapwa kwa joto hufifia zenyewe hata zikihifadhiwa vizuri. Zipige picha siku hiyohiyo.

Kisha weka kila kitu kwenye boksi la kadibodi kavu juu ya rafu, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na mbali na ukuta wa nje. Mchwa hupanda kupitia ukuta na sakafu. Sanduku la bati huzuia panya, lakini likifungwa na unyevu ndani hugeuka chungu cha kupikia ukungu.

Hatua ya 3: Disketi na kaseti

Disketi ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44, inayotosha tasnifu nzima isiyo na picha. Kabla ya kuiingiza, sogeza kile kijipembe cha plastiki hadi tundu libaki wazi; hapo kompyuta itasoma tu, haitaandika. Fungua mlango wake wa chuma utazame: ukiona madoa ya ukungu kwenye duara jeusi, usiiingize, maana itaharibu kisomeo na disketi zitakazofuata. Visomeo vya nje vinavyochomekwa kwenye USB bado vinapatikana. Disketi ikigoma kwenye kisomeo kimoja, jaribu kingine kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa vichwa vya visomeo havikupangwa sawasawa na disketi husomeka vizuri kwenye kinachokaribiana na kile kilichoiandika.

Nakili faili zote kwanza, ndipo ufungue nakala. LibreOffice, programu ya bure, hufungua faili za WordPerfect, Word za zamani, majedwali ya Lotus 1-2-3 na dBase. Faili za SPSS, programu ya kuchambua takwimu, zenye kikia cha .sav hufunguka kwa PSPP, nayo ya bure. Usishtuke mpangilio ukivurugika au namba za kurasa zikihama. Maneno ndiyo unayoyataka. Mpangilio unao kwenye nakala ya karatasi.

Kaseti ya mahojiano ivunje vijipembe viwili vya mgongoni ili mtu asirekodi juu yake, kisha izungushe mbele na nyuma mara moja bila kuicheza, utepe ulegee.

Hatua ya 4: Piga picha kila ukurasa

Ukurasa wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi una pikseli 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7. Kwa hiyo simu yenye kamera ya megapikseli 12 inatosha kama ukurasa umejaa kwenye fremu. Weka simu juu ya kitu kisichotikisika, kitabu kando ya dirisha saa za asubuhi, bila flashi ya kamera. Wino uliofifia uchukue kwa rangi ya kijivu, si nyeusi tupu na nyeupe, kwani mashine ikiamua kipi ni cheusi, hufuta nukta na mistari myembamba ya majedwali.

Piga pia majalada, kurasa tupu na migongo ya kurasa. Nyuma ya ukurasa ndiko kulikoandikwa hesabu za haraka na majina ya vijiji. Kurasa 120 za kijivu bila kubanwa zinakula karibu gigabaiti moja, mzigo mdogo kwa flashi za siku hizi. Taja faili kwa mwaka na sura, mfano 1994_sura4_uk071. Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, moja nje ya nyumba, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Ukitumia programu ya kugeuza picha kuwa maandishi, angalia tarakimu moja moja. Mashine nyingi za chapa za zamani hazikuwa na kitufe cha 1. Mpigaji alitumia herufi ndogo ya L. Programu itasoma "l994" na "l2" na kukuharibia jedwali zima. Majina ya vijiji, koo na mimea ya Kiganda, Kilugbara au Kiacholi nayo hupotoshwa. Njia ya kuhakiki ni kujumlisha upya kila safu. Jumla isipolingana na iliyochapwa, rudi kwenye picha.

Hatua ya 5: Soma, lakini usianze ukurasa wa kwanza

Hii ndiyo hatua yenye uzito, na ndiyo watu wengi huikosea. Tasnifu zetu nyingi zina sura tano: utangulizi, mapitio ya maandishi, mbinu za utafiti, matokeo, kisha muhtasari na mapendekezo. Anayeanza mwanzo hukutana na utangulizi uliojaa maneno mazito, halafu sura ya pili ambayo ni msururu wa fulani alisema hivi na fulani akasema vile. Sura hiyo ndiyo huchakaa upesi kuliko zote. Akifika ukurasa wa 30 ameshajidharau, anafunga kitabu.

Anza na viambatisho. Soma dodoso lako. Tazama maswali uliyouliza na yale uliyoogopa kuuliza. Kisha soma sura ya tatu: ulienda vijiji gani, kwa miezi ipi, ukahoji watu wangapi, nani alikutafsiria. Halafu sura ya nne, polepole, jedwali kwa jedwali. Hapo ndipo ulipohesabu mwenyewe. Yale uliyonukuu kwa wengine yapo bado kwenye vitabu vyao. Yale uliyohesabu uwandani, kama hayapo kwenye kurasa hizi, huenda hayapo popote duniani.

Soma mara ya kwanza bila kuandika chochote, dakika 45 kwa siku, si zaidi. Ukichoka utaanza kusahihisha, na msahihishaji haoni kilicho mbele yake. Makosa ya tahajia yaache yapite. Mara ya pili, siku tatu baadaye, shika penseli na daftari, ugawe ukurasa wa daftari sehemu tatu:

– niliona nini ambacho leo hakionekani tena;
– sentensi ipi bado inasimama yenyewe;
– swali gani nililigusa na kuliacha.

Sehemu ya kwanza ndiyo hujaa haraka. Chukua tasnifu ya 1994 kuhusu wakulima wa kahawa kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Wakati ule mwandishi alitaja wilaya moja tu, Mbale. Leo vijiji vyake vimetawanyika katika Sironko, iliyotoka Mbale mwaka 2000, Bududa na Manafwa zilizofuata katikati ya muongo huo, Bulambuli ya 2010 na Namisindwa ya 2017. Mteremko ambao mwandishi aliandika kwamba "watu wameanza kulima hadi juu" huenda uko jirani na Nametsi, kijiji kilichozikwa na maporomoko ya Machi 2010. Sentensi iliyoonekana ya kawaida siku ya kutetea imegeuka ushahidi. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeandika kuhusu shule za msingi 1995: alihesabu madarasa kabla ya elimu ya msingi bila ada ya 1997, ambapo wanafunzi waliruka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Madarasa yale hayawezi kuhesabiwa tena.

Kwa sehemu ya pili, soma kwa sauti. Sikio hutambua pale ulipojua unachosema: sentensi inakuwa fupi, ina kitenzi cha kweli, ina mtu ndani yake. Pale ulipokuwa unajificha nyuma ya istilahi, pumzi inakukatika. Utashangaa ni mara ngapi sentensi bora ziko kwenye maelezo chini ya jedwali, mahali ambapo hukujitahidi kuonekana msomi.

Maandishi ya msimamizi pembeni yasome mwisho. Ukiyasoma mapema utaisoma kazi yako kwa macho yake, na wewe umri ule ulikuwa unamwogopa. Baada ya miaka 20 utaona alipokuwa na haki na alipokosea. Andika yote mawili.

Hatua ya 6: Linganisha na leo kwa vipimo vilivyo sawa

Kabla ya kusema jambo limeongezeka au limepungua, hakikisha unalinganisha vitu vya aina moja. Mambo manne hupotosha mara kwa mara.

Fedha: Mei 1987 shilingi mpya moja ilichukua nafasi ya shilingi 100 za zamani. Bei ya 1985 na bei ya 1989 haziwezi kukaa kwenye safu moja bila kuondoa sifuri mbili, na hata hapo mfumuko wa bei umebaki.

Mipaka: takwimu ya "wilaya" ya 1991 na ya 2024 ni za maeneo tofauti. Shuka hadi kaunti ndogo au parokia (ngazi ya utawala chini ya kaunti ndogo, si ya kanisa), ambazo majina yake hudumu zaidi, kisha ujumlishe upya. Idadi ya watu nayo iweke kando ya namba zako: sensa ya 1991 ilihesabu watu milioni 16.7, ya 2024 milioni 45.9. Wakulima 200 wa wakati ule hawana uzito uleule leo.

Ardhi: hekta moja ni ekari 2.47, na mailo ya Buganda ni maili moja ya mraba, ekari 640. Angalia ulitumia kipi kwenye kila jedwali. Kuchanganya ekari na hekta katikati ya sura ni kosa la kawaida mno.

Debe: hili lina jambo. Debe la lita 20 la mahindi halina kilo sawa na debe la maharage au la kahawa yenye maganda, na debe lililofurika si sawa na lililokatwa usawa wa mdomo. Kama ulipima debe kwenye mizani na kuandika kilo zake, umeacha hazina. Wote walioandika "madebe" tu wanaihitaji namba yako.

Ukigundua kosa la hesabu, usilifute wala kurekebisha nakala ya asili. Andika karatasi ya masahihisho: ukurasa, jedwali, kilichochapwa, kilicho sahihi, tarehe ya leo. Ibandike ndani ya jalada la nyuma kwa gundi ya wanga, kona mbili tu.

Hatua ya 7: Andika ikisiri mpya kwa Kiswahili

Tasnifu nyingi zetu ziliandikwa kwa Kiingereza. Chukua kurasa mbili, useme kwa Kiswahili ulichokipata. Usitafsiri ikisiri ya zamani. Funga kitabu, ueleze kama unavyomweleza shangazi aliyekuja kutoka Arua na anataka kujua ulikuwa unafanya nini miaka ile. Maneno ya kujazia yatadondoka yenyewe kwa kukosa pa kushika. Sentensi isiyokubali kusemwa kwa Kiswahili chepesi, mara tisa kati ya kumi haikuwa na kitu ndani tangu mwanzo. Inayokubali ndiyo uliyoielewa.

Taja mahali, mwaka, idadi ya watu uliowahoji, mambo matatu uliyoyapata, na jambo moja ambalo hukuliona wakati ule. Mwisho weka swali ulilolikuta kwenye sehemu ya tatu ya daftari. Ikizidi kurasa mbili, punguza mbinu, usipunguze matokeo.

Hatua ya 8: Mahali pa kuipeleka

Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2006, haki ya kiuchumi ya mwandishi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo kwa kawaida unaweza kuitoa kazi yako bure kwa wasomaji, lakini soma kwanza mkataba wa mfadhili au kanuni za chuo, kama zipo. Ukitoa makala kutokana nayo, taja wazi kwamba inatokana na tasnifu ya mwaka fulani. Kunakili aya zako mwenyewe kimyakimya huhesabiwa udanganyifu kwenye majarida mengi.

Majina ya wahojiwa ni habari nyingine. Walikuamini wewe, hawakuuamini mtandao. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda, na hata bila sheria wana haki hiyo. Kwenye nakala ya kutoa, badilisha majina kwa namba, ondoa namba za viwanja na picha za nyuso, na kuwa mkali zaidi kama uliandika kuhusu magonjwa, ardhi yenye mgogoro au vita vya kaskazini. Kupaka wino mweusi juu ya jina ndani ya PDF hakutoshi, kwa kuwa maandishi hubaki chini yake na mtu huweza kuyanakili. Chapisha ukurasa, ufunike jina, kisha uuskani tena.

Peleka maktabani nakala iliyosafishwa, pamoja na karatasi ya masahihisho na ikisiri ya Kiswahili. Dodoso zilizojazwa usizipeleke kabla ya kukubaliana na mkutubi nani ataruhusiwa kuzifungua.

Nakala moja ya ikisiri ipeleke kijijini ulikofanyia utafiti. Pitia kwa mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC 1), uombe isomwe kwenye mkutano, na uwepo mwenyewe. Beba daftari. Wazee watakuambia jedwali la ngapi lina kosa, na ni mwaka gani hasa mto ule ulibadili njia.